Siku aliyozaliwa Daktari: shajara ya safari ya Warsaw na Treblinka

Julai 21, jioni

Treni kutoka Berlin imenishusha Warsaw mchana, jua likiwa kali kuliko nilivyotarajia. Mwenyeji wangu ni dada wa Kitanzania anayesoma hapa. Alinipokea stesheni, akaninyang'anya begi bila kuuliza, akasema, "Pole na safari, dada. Kwanza tule, historia baadaye." Tumekula, tumepumzika, na sasa ninaandika dirishani.

Wiki hii nimeichagua kwa makusudi. Kesho, Julai 22, ni siku ya kuzaliwa ya Janusz Korczak: daktari wa watoto, mwandishi na mlezi wa yatima, Myahudi wa hapahapa Warsaw ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Kesho hiyohiyo ni kumbukizi ya mwaka 1942, siku Wanazi walipoanza kuwaondoa Wayahudi wa geto la Warsaw, mitaa walimofungiwa, kwenda kuuawa kwenye kambi ya Treblinka. Nimekuja kuona mji unafanya nini na tarehe yenye mambo mawili mazito kiasi hicho.

Ninafanya kazi na watoto wadogo, na Korczak nilikutana naye kupitia somo la haki za mtoto. Poland ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la mkataba wa haki za mtoto mwaka 1978, miaka ile dunia ikiadhimisha karne moja tangu azaliwe. Mkataba ukapitishwa Novemba 20, 1989. Yeye alikuwa ameandika tangu miaka ya 1920 kwamba mtoto ni mtu kamili leo, hasubiri akue ndipo awe mtu.

Usiku huu nimeisoma tena shajara yake. Julai 21, 1942, akiwa ndani ya geto, aliandika kwamba kesho yake angetimiza miaka 63 au 64. Hakuwa na uhakika, kwa sababu baba yake, wakili Józef Goldszmit, alichelewa miaka kadhaa kumwandikisha. Ndiyo maana vitabu hutaja 1878 au 1879. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu, ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, kama wazee wengi wa kwetu, na yeye mwenyewe alijua tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige. Lakini Daktari aliandika kwamba lile jambo lilimuumiza. Mtu aliyekuja kupima urefu na uzito wa watoto wake kila wiki, akazihifadhi chati zao miaka na miaka, yeye mwenyewe hakuwa na mwaka wa uhakika wa kuzaliwa.

Julai 22

Asubuhi tulikwenda bustani ya Świętokrzyski, pembeni ya lile jumba refu la enzi za Stalin linaloonekana kila upande wa mji. Hapo pana sanamu ya Korczak akiwa na watoto, iliyowekwa mwaka 2006. Mahali hapakuchaguliwa ovyo: makao ya mwisho ya Nyumba ya Yatima yalikuwa maeneo haya, kati ya mitaa ya Sienna na Śliska. Geto lilipofungwa Novemba 1940, watoto walihamishwa kutoka nyumba yao ya Krochmalna kwenda Chłodna, na mwaka 1941, mipaka ilipobanwa, wakaletwa huku. Chini ya sanamu palikuwa na maua, mishumaa ya kwenye gilasi na mawe madogo. Wayahudi huweka jiwe kwa aliyekufa. Maua ni ya aliyezaliwa leo, au labda ni desturi ya Wapoland tu. Yote yalikuwa pamoja.

Nikasimama nikihesabu siku. Julai 18, 1942, siku nne kabla ya tarehe ya leo, watoto wale waliwaalika watu waje kutazama mchezo wa kuigiza. Walicheza tamthilia ya Rabindranath Tagore ya mtoto mgonjwa aliyezuiwa kutoka nje, anayekaa dirishani akingoja barua ya mfalme. Kesho yake, Julai 19, Himmler, mkuu wa kikosi cha Kinazi cha SS, alitoa amri kwamba hadi mwisho wa mwaka Wayahudi wa eneo lile la Poland wawe wameondolewa. Watoto walikuwa hawajasahau hata maneno ya mchezo wao.

Na Julai 22, Jumatano, maofisa wa SS wakiongozwa na Hermann Höfle waliingia ofisi ya Baraza la Wayahudi la geto na kusoma masharti. Kila siku, kufikia saa kumi jioni, watu wasiopungua 6,000 wawe wamefikishwa kwenye uwanja wa kupakilia mizigo wa mtaa wa Stawki. Mabango yalibandikwa siku hiyohiyo yakisema ni uhamisho kwenda mashariki.

Kwa kalenda ya Kiyahudi siku ile ilikuwa tarehe 8 ya mwezi wa Av, na jua lilipozama ikaingia Tisha B'Av, saumu ya kuombolea kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, la kwanza na la pili. Kalenda yao hufuata mwezi kama ya Kiislamu, ila wao huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ili sikukuu zisizunguke misimu yote kama Ramadhani inavyozunguka. Kwa hiyo Tisha B'Av huangukia Julai au Agosti daima, lakini si lazima ikutane na Julai 22. Mwaka huu iko katikati ya Agosti, nitakuwa nimeshaondoka. Mwaka 1942 zilikutana, na watu wa geto waliona.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa Umschlagplatz. Ndiyo jina la uwanja ule, na hata Wapoland hulitumia hivyohivyo kwa Kijerumani. Mnara uliopo ulizinduliwa Aprili 1988: kuta nyeupe, mstari mweusi, uwazi mwembamba unaoelekea kwenye mti. Ukutani yameandikwa majina 448. Hayana ukoo, ni majina ya kwanza tu, kwa mpangilio wa alfabeti. Kila jina linawasimamia maelfu waliolibeba. Nilisimama hapo nikatafuta yale ninayoyajua kwa sura ya kwetu: Abrahamu, Ester, Danieli, Mariamu, Samueli, Sara. Darasani kwangu pia yamo.

Matembezi haya ya kumbukizi hufanyika kila mwaka tangu 2012, na mwandaaji wake ni Taasisi ya Historia ya Wayahudi. Watu walikuwa wengi: wazee, maskauti, vijana wenye baiskeli, akina mama na watoto mabegani. Rabi aliomba sala ya marehemu, sauti ikapanda na kushuka juu ya kelele za tramu za mtaa wa Stawki. Kisha tukaondoka, na hapa ndipo nilipoguswa zaidi. Msafara hautokei mjini kuja uwanjani. Unaanzia uwanjani, ukirudi mjini, kinyume cha njia waliyosukumwa watu wale. Waandaaji wamekusudia iwe hivyo, kutoka kwenye kifo kwenda kwenye uhai, na mwisho wa safari huwa ni mahali panapohusiana na maisha ya watu wa geto.

Kila mmoja alipewa utepe wenye jina la mtu aliyekuwamo getoni. Wangu ulikuwa na jina la kike. Nilitembea nao mkononi mpaka mwisho, nikaufunga pamoja na za wenzangu. Dada mwenyeji wangu alikuwa kimya njia nzima, kisha akasema, "Mimi nimekaa hapa mwaka wa pili, tramu hii napanda kila siku, na sikujua."

Julai 23

Makaburi ya Wayahudi ya mtaa wa Okopowa yalianzishwa mwaka 1806, na yana ukubwa wa hekta 33. Ni msitu. Miti imeota katikati ya makaburi, mawe yameegemeana, na ukitoka kwenye njia kuu dakika mbili tu husikii tena mji.

Nilikuja kwa ajili ya Adam Czerniaków, mwenyekiti wa lile Baraza, aliyekufa Julai 23, 1942. Siku iliyotangulia aliomba baadhi ya watu wasamehewe uhamisho, na akazidi kuwaombea yatima. Alipoona watoto hawatasamehewa, alimeza sumu ofisini kwake. Wapo waliomlaumu, wakati ule na baada ya vita, kwamba alipaswa kuwatangazia watu ukweli kwa sauti kabla ya kufa. Mimi sina moyo wa kumhukumu mtu aliyetakiwa kupeleka watoto kwa hesabu. Shajara aliyoiandika tangu vita vilipoanza ilisalimika, na bila hiyo tungejua machache mno kuhusu siku zile.

Si mbali na lango pana sanamu ya Korczak akiwa amembeba mtoto mmoja, wengine wakimfuata. Ni ukumbusho tu, hakuna aliyelala chini yake. Baba yake, yule aliyechelewesha cheti, ana kaburi la kweli humuhumu.

Nilitembea hadi miguu ikachoka. Ludwik Zamenhof yupo, mtunzi wa lugha ya Kiesperanto, aliyezaliwa Desemba 15, 1859. Wanaosema Kiesperanto duniani kote hukutana kila Desemba 15 kusherehekea siku yake, na kaburi lake limepambwa kwa mawe ya rangi yenye nyota ya kijani. Yupo pia Marek Edelman, mmoja wa makamanda wa mapigano ya geto yaliyoanza Aprili 19, 1943, aliyefariki Oktoba 2, 2009. Kwa miaka mingi Edelman alipokea maua ya manjano kila Aprili 19 kutoka kwa mtu asiyejitaja, naye akayapeleka kwenye mnara wa mashujaa wa geto. Kutokana na hayo, tangu 2013 watu wa Warsaw hujibandika ua la karatasi la manjano kifuani siku hiyo. Na Edelman naye mwaka wake wa kuzaliwa unatajwa kwa namna mbili, 1919 au 1922.

Julai 24

Mvua. Tumekwenda Jaktorowska 6, iliyokuwa Krochmalna 92, nyumba ambayo Korczak na Stefania Wilczyńska waliifungua Oktoba 1912 kwa ajili ya yatima wa Kiyahudi. Bado imesimama, imerekebishwa baada ya vita, na humo kuna Korczakianum, kituo cha utafiti kilicho chini ya Makumbusho ya Warsaw.

Humu watoto walikuwa na mahakama yao. Mahakimu walikuwa watoto, na mtoto aliweza kumshtaki mtoto mwenzake au mlezi. Sheria zake zilianzia kifungu cha 1, na vifungu 99 vya mwanzo vyote ni vya kusamehe: hakuna ubaya, amejuta, hakujua, tunatumaini hatarudia. Hukumu zinaanzia kifungu cha 100. Kifungu cha 1000, cha mwisho, ndicho cha kumfukuza. Daktari mwenyewe alijishtaki mara tano ndani ya nusu mwaka, na kila mara akaiandikia mahakama ya watoto maelezo yake. Kuna walimu ninaowajua ambao ningependa wasafiri wote kuja hapa waione hii nyumba.

Alikuwa pia na desturi ya kuwapa watoto kadi za kumbukumbu zenye picha: kadi ya aliyeamka mapema majira ya baridi, kadi ya aliyemenya viazi, hata ya kupigana. Kila jambo la mtoto lilistahili tarehe.

Julai 26, Ijumaa

Sinagogi ya Nożyk, mtaa wa Twarda, ndiyo pekee ya kabla ya vita inayoendelea kutumika kwa sala hapa Warsaw. Zalman na Rywka Nożyk waliijenga kwa mali yao, ikafunguliwa mwaka 1902, na Wajerumani waliigeuza kuwa zizi la farasi na ghala. Jioni hii Sabato ilipoingia nilikaa juu upande wa wanawake, nimejifunga mtandio.

Baada ya sala mzee mmoja mgeni alikuwa anatimiza umri wa kupongezwa, na watu wakamwambia aishi hadi miaka 120. Bibi aliyekaa karibu nami alinieleza sababu. Musa aliishi miaka 120, ndiyo maana hakuna anayetakiwa heri ya zaidi ya hapo. Na mapokeo ya marabi yanasema Musa alizaliwa na kufa tarehe ileile, 7 ya mwezi wa Adari. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Korczak. Akanishika mkono. "Basi unaelewa, mwanangu. Kwetu siku ya kuzaliwa na siku ya kufa zinajuana."

Usingizi umechelewa kuja.

Julai 29

Nimeshinda Tłomackie 3/5, kwenye Taasisi ya Historia ya Wayahudi, na siku hii nitaiandika kwa urefu.

Jirani na jengo hili ilikuwepo Sinagogi Kuu ya Warsaw. Jenerali Jürgen Stroop aliilipua Mei 16, 1943, kutangaza kwamba geto limekwisha. Pale ilipokuwa pamesimama ghorofa refu la vioo. Lakini jengo hili dogo la maktaba lilibaki, na humu ndimo inamotunzwa kumbukumbu ya Ringelblum.

Emanuel Ringelblum, mwanahistoria aliyezaliwa Novemba 21, 1900, alikusanya watu wapatao 60 ndani ya geto wakaandika kila kitu kwa siri: bei ya mkate, nyimbo za ombaomba, insha za wanafunzi, vocha za supu, matangazo, hata karatasi za peremende. Walikutana Jumamosi, ndiyo maana waliliita kundi lao Oneg Shabbat, furaha ya Sabato. Kati ya wote, watatu tu waliiona amani: Rachela Auerbach, Hersz Wasser na mkewe Bluma. Ringelblum, mkewe Judyta na mwanawe Uri waligunduliwa mafichoni Machi 1944 wakauawa pamoja na waliokuwa nao na waliowaficha.

Uhamisho ulipoanza walijua hawana muda. Mwanzoni mwa Agosti 1942 Izrael Lichtensztajn, mwalimu, na wanafunzi wake wawili wa zamani, Dawid Graber wa miaka 19 na Nachum Grzywacz wa miaka 18, walifukia makasha kumi ya chuma chini ya shule ya mtaa wa Nowolipki 68. Kabla ya kufunga, kila mmoja aliandika wasia wake akautia humo. Graber aliandika kwamba yale ambayo hawakuweza kuyapigia kelele dunia isikie, wameyazika ardhini. Lichtensztajn aliomba mkewe akumbukwe, mchoraji Gela Seksztajn, na akaomba binti yao akumbukwe. Akaandika jina lake, Margolit, na kwamba siku ile ana umri wa miezi ishirini.

Niliposoma mstari huo ilibidi niketi.

Nje treni zinajazwa watu 6,000 kwa siku na zaidi. Baba anajua. Mkono wake unaandika barua ya mwisho ya maisha yake, na ndani ya barua hiyo anahesabu miezi ya mtoto kama mzazi yeyote anavyoihesabu kliniki, kwenye kadi ya ukuaji. Hakuandika kwamba mtoto atakufa. Ameandika umri wake. Nadhani ndiyo ilikuwa hoja ya watu hawa wote: Wanazi waliwahesabu kwa mabehewa, wao wakahesabiana kwa miaka na miezi.

Makasha kumi yalifukuliwa Septemba 18, 1946, Wasser akiwaelekeza wachimbaji katikati ya bahari ya vifusi. Maji yalikuwa yameingia, karatasi zimeshikamana. Sehemu ya pili, ndani ya keni mbili za maziwa, ilipatikana Desemba 1, 1950. Sehemu ya tatu haijapatikana hadi leo. Zilizopo ni kurasa zaidi ya 30,000, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Keni mojawapo iko ukumbini, ina kutu, ni ya kawaida kabisa, kama zile wanazobebea maziwa wafugaji wa Arumeru asubuhi.

Pia wana michoro ya Gela Seksztajn, iliyofukiwa pamoja na karatasi. Wengi aliowachora ni watoto. Nilitafuta uso wa Margolit katika kila mchoro.

Agosti 1

Saa kumi na moja kamili jioni ving'ora vililia na Warsaw ikasimama. Magari, mabasi, watu na mifuko ya sokoni. Ni kumbukizi ya mji kuinuka dhidi ya Wajerumani Agosti 1, 1944, miezi kumi na minne na zaidi baada ya geto kuteketezwa. Watu huchanganya mapambano haya mawili. Yanaungana katika maisha ya baadhi ya watu, na mmoja wao nitamtaja kesho.

Agosti 2

Treni ya Małkinia inaondokea stesheni ya Wileńska, ng'ambo ya mto Wisła, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mashamba ya mahindi, vijiji vidogo, korongo juu ya nguzo za umeme. Dakika chache kabla ya Małkinia niliacha kutazama nje, kwa sababu ni reli ileile. Kutoka hapo tulikodi gari.

Treblinka haina jengo. Wanazi wenyewe waliibomoa mwishoni mwa 1943, wakalima juu yake na kumweka mkulima aonekane kana kwamba palikuwa shamba siku zote. Katika muda wa miezi kumi na mitatu hivi, zaidi ya watu 800,000 waliuawa kwenye uwanja unaoweza kuuzunguka kwa miguu bila kuchoka. Mwaka 1964 ukazinduliwa ukumbusho wa Franciszek Duszeńko na Adam Haupt: mawe 17,000 yenye ncha, makubwa kwa madogo, yamesimama yakilizunguka nguzo kubwa la mawe lenye ufa katikati. Baadhi yameandikwa jina la mji walikotolewa Wayahudi. Jiwe la Warsaw ni kubwa kuliko mengi.

Lenye jina la mtu ni moja tu: Janusz Korczak, na mabano ya Henryk Goldszmit, kisha "na watoto". Palikuwa na mawe madogo mengi juu yake, na mwanasesere wa kitambaa. Nililiangalia nikifikiri kuhusu Stefania Wilczyńska. Alizaliwa Mei 26, 1886. Nyumba ya Yatima ilikuwa mikononi mwake kila siku, asubuhi hadi usiku, kwa miaka thelathini, na mwaka 1939 alikuwa amekwishafika Palestina, yuko salama kwenye kijiji cha Ein Harod, akarudi Warsaw kwa watoto. Alipanda behewa lile pamoja nao. Jina lake lilistahili kuwa kwenye jiwe hili, nami nalisema kwa sababu Daktari ameandikwa vya kutosha.

Leo palikuwa na wageni wengi, kwa kuwa Agosti 2, 1943 ndiyo siku wafungwa wa Treblinka walipoasi. Walikuwa wametengeneza ufunguo wa ghala la silaha. Wakachoma majengo wakakimbilia uzio. Mamia walitoka, wengi wakauawa njiani, na wasiofika mia ndio waliomaliza vita wakiwa hai. Wa mwisho wao alikuwa Samuel Willenberg. Alitoroka akiwa na risasi mguuni, mwaka uliofuata akapigana tena katika yale mapambano ya Agosti ambayo ving'ora vya jana viliyakumbuka, baadaye akaishi Israel na kuwa mchongaji sanamu. Alizaliwa Februari 16, 1923, akafariki Februari 19, 2016, siku tatu baada ya kutimiza miaka 93. Kwa miaka mingi alirudi hapa kuwaonyesha vijana wapi palikuwa na nini.

Waliokuja walisoma majina na kuwasha mishumaa. Mimi nilikumbuka Gisozi, Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, nilipokwenda miaka ya nyuma: kile chumba cha watoto, picha kubwa, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda. Waliokitengeneza na yule baba wa Nowolipki walifikia njia moja bila kuonana.

Agosti 5

Siku ya mwisho. Asubuhi ya Agosti 5, 1942 walikuja kuichukua Nyumba ya Yatima. Jana yake, Agosti 4, Korczak aliandika mistari ya mwisho ya shajara: anamwagilia maua dirishani, upara wake ni shabaha nzuri, na askari mwenye bunduki amesimama nje anamtazama. Anajiuliza yule askari alikuwa nani nyumbani kwake, pengine mwalimu wa kijiji. Marafiki upande wa pili wa ukuta walikuwa wamemtafutia njia ya kutoroka zaidi ya mara moja, akakataa. Watoto wapatao 200 walitoka mtaa wa Śliska wakatembea kilomita kadhaa hadi Stawki, na yeye, Wilczyńska na walezi wengine pamoja nao.

Leo tumeifuata njia hiyo mimi na dada, polepole. Nusu yake mitaa haipo tena. Unapita maegesho ya magari, maduka, ghorofa za benki.

Niliwahi kudhani kwamba tarehe ya kufa kwake ilijulikana siku zote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1954 mahakama ya Lublin, ikifuata kanuni ya jumla ya watu waliopotea vitani, iliandika kwamba alifariki Mei 9, 1946, mwaka mmoja baada ya vita kwisha. Karatasi ikasema hivyo kwa miaka zaidi ya sitini. Ilichukua hadi Machi 2015 kwa mahakama kuirekebisha kuwa Agosti 7, 1942. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na mwaka wa mashaka wa kuzaliwa na kwa muda mrefu tarehe ya uongo ya kufa, na bado kila Julai 22 watu wanajua pa kuweka maua. Watoto wake wengi hawana hata hizo tarehe mbili za mashaka. Wana yeye.

Nilipotaja Arusha kwa bibi mmoja wa Kipoland tuliyekaa naye benchi moja, alishtuka akasema, "Tengeru!" Shangazi yake aliishi kule. Mwaka uleule wa 1942, Wapoland waliokuwa wametolewa Siberia walianza kufika Tanganyika, na kambi ya Tengeru ikafikia watu wapatao 5,000. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Nimemwahidi nitakwenda Novemba 1, siku ambayo Wapoland huwashia wafu wao mishumaa, nimwashie mmoja na kumtumia picha.

Kwa atakayependa kuja: Aprili 19 ni ya geto na maua ya manjano, Julai 22 ni ya matembezi, Agosti 2 ni ya Treblinka. Makaburi ya Okopowa na Taasisi ya Tłomackie hufungwa Jumamosi kwa ajili ya Sabato, na POLIN, makumbusho ya historia ya Wayahudi wa Poland, hufungwa Jumanne. Wanaume hufunika kichwa makaburini. Treblinka beba maji na chakula, kwa kuwa hakuna duka karibu, na uliza saa za treni ya kurudi kabla hujatoka Małkinia.